Kafi Jepesi la Kaboni: Gramu Zipi Zinastahili Fedha Yako?

Ukiingia katika duka la vifaa vya majini huko Marekani au Ulaya, au ukiperuzi maduka ya mtandaoni ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, utakuta makafi mawili ya kayaki yanayofanana. Yote ni meusi, yote yana chapa ya kaboni. Moja bei yake ni dola 110 za Marekani, la pili dola 430. Muuzaji atakuambia la bei kubwa ni jepesi na halichoshi. Jirani atakuambia ni fedha ya bure, kwa sababu kayaki ya burudani haishindani na mtu. Wa tatu ataonya kwamba kaboni haina simile: ikigonga mwamba inavunjika. Kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli, na mnunuzi anabaki njia panda.

Makala haya yanamhusu mtu anayepiga kafi kwa burudani: saa moja hadi nne kwenye maji tulivu, iwe ni Mida Creek kule Watamu, Ziwa Kivu upande wa Rwanda, mikoko ya Abu Dhabi au maziwa ya jiji la Minneapolis. Hayamhusu mwanariadha wa mbio, wala anayeshuka mawimbi ya Nile kule Jinja. Swali ni moja: wepesi wa kaboni unamfaa mtu huyu kwa kiasi gani, na fedha yake ianzie wapi? Hoja itakayotetewa ni kwamba gramu hazina thamani sawa. Pengine gramu 100 zinastahili dola 100, na pengine hazistahili hata 10, kutegemea zimetolewa sehemu gani ya kafi na litatumika kwenye maji ya aina gani.

Kafi lilivyoifikia kaboni

Kayaki ni chombo cha watu wa Aktiki. Wainuiti wa Greenland walichonga makafi yao kwa magogo yaliyoletwa ufukweni na bahari, maana kwao miti mikubwa haioti. Makafi hayo yalikuwa na mabapa membamba na marefu pande zote mbili, na hadi leo wapo wanaoyachonga kwa ubao mmoja na kuyapenda kuliko ya dukani.

Mchezo wa kayaki uliingia rasmi katika Olimpiki mwaka 1936, mjini Berlin, na kuanzia hapo mwelekeo wa vifaa ukawa unatolewa na mashindano. Nyuzi za kaboni zilikuja kutoka njia nyingine kabisa. Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani, alizionyesha maabara mwaka 1958. Mapema katika miaka ya 1960 watafiti wa Japani na Uingereza wakapata njia bora zaidi za kuzitengeneza, na mwaka 1971 kampuni ya Toray ya Japani ikaanza kuziuza kibiashara. Zilitangulia kwenye ndege, zikaingia kwenye raketi na fimbo za uvuvi, kisha kwenye makafi.

Katikati ya miaka ya 1980, Stefan Lindeberg wa Sweden alileta kafi la bawa, ambalo bapa lake limejikunja kama kijiko kirefu, na muda si mrefu likatawala mbio za maji tulivu. Tangu hapo, picha ya kafi bora katika macho ya watu wengi ni ile ya bingwa wa Olimpiki: jeusi, jepesi, la kaboni. Mtengenezaji hana haja ya kutumia nguvu nyingi kumshawishi mnunuzi wa kawaida kwamba kifaa cha bingwa kitamfaa na yeye. Hicho ndicho chanzo cha kwanza cha mkanganyiko. Bingwa anatafuta sehemu ya sekunde, ilhali mtu wa burudani anatafuta kurudi nyumbani bega lisimuume.

Chapa moja, bidhaa nne

Chanzo cha pili ni biashara yenyewe. Chini ya chapa ya kaboni zinauzwa bidhaa zilizo tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kafi lenye mpini wa kaboni na mabapa ya nailoni. Mabapa haya humiminwa kwenye kalibu, ni manene na magumu kuharibika, lakini mazito. Ya pili inafanana na ya kwanza, ila nailoni ya bapa imechanganywa na vipande vifupi vya nyuzi za kaboni. Hupata ugumu na hupungua uzito kidogo, lakini kitabia bado ni plastiki. Ya tatu ina mpini wa kaboni na mabapa ya faibaglasi yaliyotandazwa kwa tabaka za kitambaa na gundi ya epoksi. Haya ni membamba na mepesi zaidi. Ya nne ni kaboni tupu, mpini na mabapa. Ndani ya kundi hili yamo pia yale ambayo bapa lake limejazwa povu gumu katikati, ambayo huelea vizuri na huwa miongoni mwa mepesi kuliko yote.

Nje ya hizi nne kuna bidhaa ya udanganyifu au nusu udanganyifu: faibaglasi iliyofunikwa tabaka moja jembamba la kaboni, au hata plastiki iliyochapishwa mistari inayofanana na kitambaa cha kaboni. Rangi nyeusi si ushahidi. Ushahidi ni mizani. Muuzaji mkweli hutaja uzito kwa gramu na urefu uliopimwa, kwa sababu kafi la sentimita 240 ni zito kuliko la sentimita 220 la aina ileile. Pasipotajwa urefu, uzito ulioandikwa huenda ni wa kafi fupi kuliko lile unaloletewa.

Hoja ya wapenda wepesi

Wanaotetea kaboni wana hoja tatu nzito, na nyongeza moja inayovuma kuliko ukweli wake.

Hoja ya kwanza ni uzito wenyewe. Kafi la mpini wa alumini na mabapa ya plastiki huwa na takribani kilo 1 hadi 1.2. La kaboni tupu huwa kati ya gramu 600 na 750. Tofauti hiyo ya gramu 400 hivi ni kama kushika kopo la soda lililojaa mkononi muda wote wa safari.

Hoja ya pili, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote, inahusu mahali uzito ulipokaa. Kafi la kayaki halibebwi tu, linabembea. Kila pigo, bapa moja linashuka, jingine linapanda, kisha mwendo unageuzwa. Ugumu wa kugeuza mwendo huo unategemea uzito mara mraba wa umbali kutoka katikati. Gramu 50 zilizoko kwenye bapa, sentimita 100 kutoka katikati, zina ukaidi mara 11 kuliko gramu 50 zilezile zikiwa kwenye mpini, sentimita 30 kutoka katikati. Ndiyo maana makafi mawili yenye uzito uleule kwenye mizani yanaweza kuwa tofauti kabisa mikononi: moja linakwenda na mkono, jingine linauvuta.

Hoja ya tatu ni ugumu wa nyuzi. Nyuzi za kaboni za kawaida ni ngumu kupindika karibu mara tatu kuliko nyuzi za faibaglasi, na ni nyepesi pia. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kupunguza unene bila mpini kulegea.

Nyongeza inayovuma ni hesabu ya matangazo. Mtu wa burudani hupiga mapigo kama 50 kwa dakika, yaani 3,000 kwa saa. Zidisha 3,000 kwa gramu 400, utaambiwa umeokoa kubeba kilo 1,200 kwa saa. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi, lakini maana yake si sahihi. Kafi halinyanyuliwi kutoka chini kila pigo. Bapa moja likipanda, la pili linashuka na kusaidia kulinyanyua lenzake, na lililozama linabebwa kwa sehemu na maji. Anayenunua kwa kutegemea tani hizo za karatasi ataona kaboni imemdanganya, ilhali aliyemdanganya ni mwenye tangazo.

Hoja ya wanaotilia shaka

Upande wa pili unaanza na mwili wa binadamu. Mikono miwili ya mtu mzima ni takribani asilimia 10 ya uzito wake. Mwenye kilo 70 tayari anazungusha kilo 7 za mikono yake mwenyewe kabla hajashika chochote. Ongeza kafi la kilo 1.1, jumla inakuwa kilo 8.1. Ukiondoa gramu 400, umepunguza mzigo wa mabega kwa asilimia 5 hivi. Si haba, lakini si muujiza.

Hoja yao ya pili ni mwendo. Nguvu nyingi ya mpiga kafi huishia kwenye ukinzani wa maji dhidi ya chombo. Kayaki ya burudani, fupi na yenye upana wa sentimita 70 au zaidi, ina ukinzani mkubwa kwa umbo lake, na kafi jepesi haliubadilishi. Mwenye kafi la dola 430 hatafika kisiwani mapema kuliko mwenzake kwa sababu ya kafi hilo. Anachonunua ni starehe ya mikono, si kasi, na afadhali ajue hivyo kabla ya kulipa.

Ya tatu ni mbinu. Anayevuta kwa mikono mitupu, bila kuzungusha kiwiliwili, atachoka hata akipewa kafi la gramu 600. Somo la saa mbili kwa mwalimu mzuri linaweza kumwondolea uchovu kuliko gramu zote za kaboni, kwa gharama ndogo zaidi.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba unapima saa moja na kufikiri umepima saa nne. Asilimia 5 haionekani mwanzoni. Uchovu, hata hivyo, hujijenga, na misuli midogo ya bega na ya kigasha haina uvumilivu wa misuli ya mgongo. Kwa mtu mwenye kano zilizowahi kuumia, kwa mwenye umri mkubwa, na kwa mwenye mwili mdogo ambaye kafi lilelile ni mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano, tofauti ndogo ya kila pigo ndiyo huamua kama atarudi majini wiki ijayo.

Kipimo hushinda gramu

Mjadala wa kaboni mara nyingi hufunika jambo linaloweza kumharibia mtu kafi zuri: urefu na umbo lisilomfaa.

Urefu unatawaliwa kwanza na upana wa kayaki, kisha urefu wa mtu na kimo cha kiti. Kwa kawaida, kayaki yenye upana chini ya sentimita 60 huhitaji kafi la sentimita 210 hadi 220. Upana wa sentimita 60 hadi 70 hupelekea 220 hadi 230, na kuanzia 70 hadi 80 huwa 230 hadi 240. Zenye upana zaidi, hasa zile za kukaa juu zenye kiti kirefu cha kuvulia samaki, hufika 250. Kafi fupi kupita kiasi humfanya mtu aegemee upande na kugonga vidole kwenye ukingo. Refu kupita kiasi huifanya kayaki iyumbe kushoto na kulia, na kila sentimita ya ziada inasukuma mabapa mbali na mikono. Anayeshuka kutoka 240 kwenda 230 kwa sababu chombo chake kinamruhusu, anapunguza ukaidi wa mabapa kwa asilimia 8 bila kutoa hata senti kwa ajili ya kaboni.

Umbo la bapa nalo lina mitindo miwili. Mwenye kupiga kafi likiwa limelala, mkono wa juu ukiwa chini ya bega, anahitaji bapa refu na jembamba. Huu ndio mtindo wa matembezi. Mwenye kulisimamisha kafi karibu na ubavu wa chombo anahitaji bapa fupi na pana, na kafi lenyewe liwe fupi zaidi. Wengi wa watu wa burudani ni wa mtindo wa kwanza, lakini madukani hushawishika kununua la pili kwa sababu linaonekana la kishujaa.

Ukubwa wa bapa ndio wa mwisho kufikiriwa, ingawa ungefaa uwe miongoni mwa ya mwanzo. Bapa kubwa hushika maji mengi, na maji hayo yote yanavutwa na bega. Mtu mwenye mwili mdogo akinunua kafi jepesi lenye bapa kubwa, ameokoa gramu hewani na kuzilipa mara nyingi majini. Vivyo hivyo unene wa mpini: mkono mdogo ukishika mpini mnene, kigasha hukaza muda wote. Baadhi ya watengenezaji, wakiwemo Werner wa jimbo la Washington, hutoa mipini myembamba kwa ajili ya mikono ya aina hiyo.

Na kafi la bawa? Kwa mbio halina mpinzani. Kwa burudani lina gharama: limeundwa kwa pigo la kwenda mbele, na linasumbua pale mtu anapotaka kujiegemeza kwa bapa, kurudi nyuma au kuvuta chombo upande. Mwenye kutazama ndege kwenye mikoko hufanya mambo hayo muda wote.

Ugumu wa mpini: faida au adhabu?

Hapa wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema mpini mgumu wa kaboni unapeleka nguvu yote majini papo hapo, kwa hiyo hakuna kinachopotea katika kupindika. Wengine wanasema mpini unaopinda kidogo, kama wa faibaglasi au mti, hupokea mshtuko wa bapa linapoingia majini, na kwa hiyo huwahurumia viwiko na vifundo vya mikono.

Kimantiki, kila upande una eneo lake. Mshtuko huwa mkubwa pale nguvu inapokuwa kubwa: kwenye mbio, au kwa mtu anayepiga maji kwa hasira. Kwa mwendo wa matembezi nguvu ni ndogo na mpini wowote haupindi sana, kwa hiyo ugumu wa kaboni si faida kubwa wala si adhabu kubwa. Mwenye viwiko vinavyouma asikimbilie kaboni kwa sababu ya ugumu wake. Akimbilie wepesi wa bapa, na alijaribu kafi kabla ya kulilipia.

Mti nao haustahili kusahauliwa. Kafi la Greenland lililochongwa kwa mbao nyepesi kama mwerezi huelea, halichomi mkono juani, na ncha zake nyembamba hazina ukaidi mwingi. Seremala hodari akipata vipimo anaweza kulichonga kwa ubao mmoja, na pwani yetu haijaishiwa mafundi wa makafi ya mitumbwi. Kwa mwenye subira ya kujifunza pigo lake, ni njia ya tatu isiyohitaji kaboni wala ushuru wa forodha.

Miamba, chumvi na jua

Hoja nyingi za kaboni ziliandikwa na watu wa maji baridi yenye fukwe za mchanga. Mazingira yetu yana maswali mengine.

Swali la kwanza ni miamba. Pwani ya Afrika Mashariki hupata tofauti inayokaribia mita 4 kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua. Uliondoka maji yakiwa juu ya matumbawe, unarudi matumbawe yakiwa nje, na mkono unashawishika kulitumia kafi kama upondo. Kwenye mikoko, mizizi imejaa chaza wenye kingo kali. Kaboni ni imara sana ikivutwa kufuata nyuzi, lakini ni dhaifu ikipigwa kwenye nukta moja. Alumini hujipinda na kukuonya. Nailoni hukwaruzika na kuendelea. Kaboni inaweza kubeba ufa usioonekana, tabaka zikiwa zimeachana ndani, na kukatika siku nyingine bila taarifa. Bapa la povu likitoboka hunywa maji na kupoteza ule wepesi lililonunuliwa kwa ajili yake. Kasoro ndogo za ukingo hutibika kwa epoksi na msasa, lakini mpini uliopasuka si wa kuaminiwa tena.

Swali la pili ni chumvi. Kaboni yenyewe haishiki kutu, na hapo inaishinda alumini, ambayo hutoa unga mweupe na nusu zake mbili hukwama zisitenganishwe. Lakini kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini ndani ya maji ya bahari, alumini huliwa haraka. Kwa hiyo kagua kiungo cha katikati: cha kaboni, faibaglasi au plastiki ngumu ni salama zaidi kwa mtu wa baharini. Baada ya kila safari, tenganisha nusu mbili, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uzihifadhi zikiwa mbalimbali. Mchanga na chembe za chumvi ndizo hulegeza kiungo, na kiungo kikilegea, kafi la dola 430 hutikisika kama la dola 40.

Swali la tatu ni jua. Kitu cheusi hufyonza joto, na epoksi hulainika joto linapozidi kiwango chake. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto huweza kupita nyuzi 60, na gundi za bei nafuu hazina nafasi kubwa juu ya hapo. Kafi la kaboni liwekwe kivulini, na mfuko wake usiwe pambo.

Kuna pia suala la radi. Kaboni na alumini zote hupitisha umeme, kwa hiyo kwenye maeneo ya radi nyingi kama Ziwa Victoria, kuchagua moja badala ya nyingine hakukuokoi. Wingu likikunja, toka majini.

Bei na thamani ya kila gramu

Kwa makadirio ya bei za Marekani, ngazi ni nne. Alumini na plastiki: dola 40 hadi 80, takribani kilo 1.1. Mpini wa faibaglasi au kaboni wenye mabapa ya nailoni: dola 100 hadi 200, gramu 850 hadi 1,000. Mpini wa kaboni wenye mabapa ya faibaglasi: dola 220 hadi 300, gramu 750 hadi 850. Kaboni tupu: dola 330 hadi 500, gramu 600 hadi 750.

Ukichukua katikati ya kila ngazi, hatua ya kwanza inakugharimu karibu senti 50 kwa kila gramu inayoondoka. Ya pili inakaribia senti 90. Ya tatu ni dola 1 na robo. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angesimama ngazi ya pili na kujipongeza.

Lakini turudi kwenye ukaidi wa mabapa. Katika hatua ya kwanza, gramu nyingi hutoka kwenye mpini, ambako zina faida ndogo. Katika hatua ya pili na ya tatu hutoka karibu zote kwenye mabapa, ambako zina faida kubwa. Hatua ya pili, basi, ndiyo yenye uwiano bora: inapunguza uzito ulioko mahali pabaya, kwa bei ndogo kuliko hatua ya tatu. Inafuata pia kwamba kafi la mpini wa faibaglasi lenye mabapa membamba ya faibaglasi linaweza kuwa tamu mkononi kuliko lenye mpini wa kaboni na mabapa mazito ya nailoni, hata kama hili la pili ndilo lililobandikwa jina la kaboni.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, bei ya dukani si bei ya mwisho. Kuna usafirishaji wa kitu kirefu, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara asilimia 18. Anayeletewa na ndugu kutoka nje aangalie makafi ya vipande vinne, ambayo huingia kwenye sanduku la safari. Viungo vya ziada huongeza uzito kidogo, na ni sehemu mbili zaidi za kulegea, lakini mara nyingi ndiyo njia pekee ya kulifikisha. Akumbuke pia kwamba bapa likivunjika huku, hakuna duka la jirani lenye jingine.

Nani anunue nini

Mwenye kutoka mara chache kwa mwaka, kwa saa moja au mbili, na mwenye kampuni ya kukodisha kayaki kwa wageni, hawana sababu ya kupita ngazi ya pili. Mabapa ya nailoni yatastahimili mawe na mikono ya wageni, na fedha iliyobaki inunue jaketi okozi bora na filimbi.

Anayetoka kila wiki au wiki mbili, saa mbili hadi nne, kwenye maji yenye kina, achukue mpini wa kaboni na mabapa ya faibaglasi. Hapa ndipo wengi wa wasomaji wa makala haya walipo, na ndipo fedha inapofanya kazi vizuri kuliko kwingineko.

Kaboni tupu iwe ya mtu wa safari ndefu za siku nzima, mwenye mabega au kano zenye historia ya maumivu, au mwenye mwili mdogo, alimradi maji yake hayana miamba na ana nidhamu ya kutosukumia jiwe kwa bapa. Akiwa na akiba ya kafi la nailoni kwa siku za matumbawe, atakuwa amekamilisha mpango.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio manne. Lipime kwenye mizani. Lishike katikati kwa mkono mmoja, ulibembeze kushoto na kulia, usikie mabapa yanavuta kiasi gani. Liunganishe, ulitikise, usikilize kiungo. Mwisho, ukiweza, lipige majini kwa nusu saa ukiwa kwenye kayaki yako mwenyewe, si ya muuzaji.

Kwa muhtasari

Wapenda wepesi wako sahihi kwamba uzito wa mabapa huchosha, ila hukosea wanapouhesabu kwa tani. Wanaotilia shaka wako sahihi kwamba kaboni haiongezi kasi na kwamba mbinu hutangulia, lakini hupuuza saa ya tatu na ya nne. Wanaohofia kuvunjika wako sahihi kwenye matumbawe, na hofu yao hupungua kwenye maji yenye kina. Mpangilio unaotokana na mizani hii ni mfupi: kwanza urefu na ukubwa wa bapa unaokufaa, kisha wepesi wa bapa, na mpini mwishoni. Kafi la faibaglasi lenye kipimo chako ni bora kuliko la kaboni lenye kipimo cha mtu mwingine, na fedha ya kaboni tupu itoke pale tu maji unayopiga na saa unazokaa majini zinapoidai.